Nani Amekupa Gredi?

 

Wiki hizi mbili nimepokea swali moja kwa sura tofauti tofauti. Aliyelianzisha ni mdogo wetu mmoja wa kigangoni hapa Buigiri, amemaliza kidato cha nne. Anaangalia sana zile video za Wamarekani wanaofungua pakiti za kadi za wanamichezo: inatoka kadi moja, mtu anapiga kelele kama ameona mzimu, kisha tunaambiwa kile kikaratasi kina bei ya nyumba. Akaniuliza, "Kaka, kukusanya hizi kadi ni dhambi? Na mimi nikitaka kuanza je?" Wengine mkadakia na ya kwenu: jezi za zamani za Simba na Yanga, raba, sarafu za kale. Nimeona nijibu hapa hapa kwa wote, maana ndani ya swali hili kuna swali jingine ambalo ndilo lililonikosesha usingizi kidogo.

Kwa wasiozijua, kadi zenyewe ni karatasi ngumu ya kuenea kiganjani. Mbele kuna picha ya mchezaji, nyuma kuna rekodi zake. Zilianza kama kivutio cha biashara tu. Zaidi ya miaka 100 iliyopita kampuni za Marekani ziliziweka ndani ya pakiti za sigara, baadaye zikahamia kwenye bigijii. Watoto walizichezea, wakazibana kwenye spoku za baiskeli ili zitoe mlio, wakazikunja mifukoni. Akina mama wakifanya usafi wakazitupa. Ndiyo maana zilizobaki safi ni chache, na kwa kuwa ni chache, ni ghali. Sababu ni hiyo tu, hakuna uchawi.

Mfano unaosimuliwa sana ni wa kadi ya Mickey Mantle, mchezaji wa besiboli, iliyotolewa na kampuni ya Topps mwaka 1952. Toleo lile la mwisho wa msimu lilidoda. Sy Berger, mfanyakazi wa kampuni hiyo hiyo, alisimulia kwamba miaka kadhaa baadaye maboksi yaliyobaki yalipakiwa kwenye tishari, yakaenda kumwagwa baharini ng'ambo ya pwani ya New Jersey. Mwaka 2022 kadi moja ya Mantle ya toleo hilo, iliyopimwa 9.5, iliuzwa mnadani kwa dola milioni 12.6. Fikirieni hapo kidogo. Sehemu ya bei ile imetengenezwa na zile zilizozama. Moja imepanda kwa sababu dada zake wameliwa na maji.

Na msiseme haya ni mambo ya Wazungu tu. Panda treni ya reli ya kati hapo Dodoma uende Tabora. Wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, mwaka 1916, Wajerumani waliokuwa wamezingirwa walitengeneza pale, kwenye karakana ya reli, sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo. Dhahabu ilitoka Sekenke, huko Iramba. Leo sarafu hiyo inatafutwa na wakusanyaji duniani kote, na nayo inapimwa na kufungiwa kwenye plastiki kama kadi. (Nimesema hivi kwa sababu ya historia. Yeyote atakayekuita pembeni na kukunong'oneza habari ya rupia ya Mjerumani, shika njia yako.)

Sasa huko kupimwa ndiko ninakotaka tukae kidogo. Kuna kampuni inaitwa PSA, ilianza mwaka 1991 huko California. Unawatumia kadi yako, wanaikagua kwa lenzi: kona nne, kingo, uso wa kadi, picha imekaa katikati au imeegemea upande. Wanaipa namba, kuanzia 1 mpaka 10. Kisha wanaifungia ndani ya kasha gumu la plastiki lenye lebo, kasha ambalo hulifungui bila kulivunja. Kuanzia siku hiyo hakuna mkono wa mtu utakaoigusa tena. Tofauti ya 9 na 10, ambayo mimi na wewe kwa macho haya hatuioni, inaweza kuzidisha bei mara kadhaa. Na si hilo tu, kampuni inatangaza hesabu: kadi ya aina hii, zilizopata 10 ziko ngapi, zilizopata 9 ngapi. Mnunuzi anaangalia kwanza hiyo hesabu. Akikuta 10 ziko nyingi, anarudisha hela mfukoni.

Kadi aliyoitaka huyu mdogo wetu ni ya Hasheem Thabeet, na alinifurahisha kwa hilo, maana vijana wengi hawamjui. Mtanzania huyu, mzaliwa wa Dar es Salaam, futi 7 na inchi 3, alisoma Chuo Kikuu cha Connecticut. Mwaka 2009 timu za ligi ya kikapu ya NBA zilipochagua wachezaji wapya, yeye alichaguliwa wa pili. Wa pili, katika mwaka aliochaguliwa James Harden akiwa wa tatu na Stephen Curry akiwa wa saba. Hakuna Mtanzania aliyewahi kucheza NBA kabla yake. Kadi zake za msimu wa kwanza zikachapwa pamoja na za hao wenzake.

Mambo yalivyokwenda mnajua, au mnaweza kukisia. Msimu wa kwanza haujaisha, Memphis walimshusha kwa muda kwenye ligi ya kukuza wachezaji. Akapita Houston, Portland na Oklahoma City, na kufikia 2014 safari yake ya NBA ikawa imefika mwisho. Kadi moja ya Curry ya msimu ule ule, ambayo ilichapwa nakala moja tu, iliuzwa mwaka 2021 kwa dola milioni 5.9. Kadi za kawaida za Thabeet unazipata kwa dola chache. Ni wino ule ule, karatasi ile ile, mwaka ule ule. Soko limesema.

Mimi bado namheshimu sana Thabeet, na yeyote anayemcheka akiwa amekaa kwenye kochi namshangaa. Wangapi kati yetu wametoka Dar es Salaam wakafika pale, hata kwa siku moja? Lakini soko halina safu ya kuandika hilo kwenye lebo.

Basi nikawa namweleza mdogo wetu haya yote kwa simu, akanyamaza, halafu akasema hivi: "Mimi gredi yangu imeshatoka, kaka. Acha nitafute kitu chenye gredi nzuri." Matokeo yake yalikuwa Division Four. Nyumbani wameuza zabibu, fungu lake ni shilingi 200,000, na kuna mtu mtandaoni anamwambia atume, atapata kadi ya gredi 10 ambayo itampandishia hela mara tatu ndani ya mwaka.

Nilikaa na hilo neno usiku ule. Kwa sababu mtoto huyu hakuwa anauliza habari za kadi. Alikuwa ananiambia amefungiwa kwenye kasha, lebo imebandikwa, namba ni ndogo, na sasa anataka kushika mkononi kitu ambacho angalau chenyewe dunia imekikubali.

Nyinyi mnaosoma hapa, najua wapo wengine wa hivyo. Matokeo yakitoka, majina na alama vinasambaa kwenye magrupu ya WhatsApp kabla mwenyewe hajajua. Halafu kuna gredi nyingine zisizotolewa na Baraza la Mitihani: huyu mweupe, huyu mweusi sana, huyu kwao wana gari, huyu kwao ni tembe, huyu alizalishwa nyumbani, huyu alifukuzwa seminari. Unakuta binti ana miaka 19, anasali vizuri, anaimba kwaya, lakini moyoni ameshajipa 2.

Someni sura ya 16 ya Kitabu cha Kwanza cha Samweli. Samweli ametumwa Bethlehemu kwa Yese, ana pembe ya mafuta mkononi. Anapita Eliabu, kijana wa kwanza, mrefu, amekaa vizuri. Samweli, nabii kabisa, mtu wa Mungu, anajisemea moyoni kwamba huyu ndiye. Kumbe siye. Mungu anamwambia asiangalie umbo wala kimo, kwa sababu mwanadamu anatazama kwa nje na Mungu anatazama moyo. Wanapita saba. Wa nane hajaitwa hata mezani, yuko na kondoo. Baba yake mwenyewe hakuona haja ya kumpeleka akakaguliwe. Ninachopenda katika sura ile ni kwamba mpimaji hakuwa mtu mbaya. Samweli alikuwa mwaminifu, mwenye uzoefu, na bado jicho lake lilikosea mara ya kwanza. Kwa hiyo aliyekupa namba, mwalimu, mjomba, mchumba aliyekuacha, si lazima awe adui yako. Anaweza tu kuwa anaangalia Eliabu.

Hata hao wapimaji wa kadi. Kadi ya kwanza kabisa kupimwa na PSA, namba moja kwenye vitabu vyao, ilikuwa ya mchezaji wa besiboli Honus Wagner, toleo la mwanzoni mwa karne ya 20. Waliipa 8. Kwa kadi ya umri ule, 8 ni maajabu. Ikawa kadi maarufu kuliko zote, ikapita mikono ya matajiri, mwaka 2007 ikauzwa dola milioni 2.8. Baadaye Bill Mastro, mfanyabiashara aliyewahi kuiuza miaka ya nyuma, alikiri mahakamani kwamba alikuwa ameikata kingo ili ionekane safi. Mwaka 2015 alihukumiwa kifungo cha miezi 20 kwa makosa ya ulaghai katika minada yake. Yaani kadi iliyofungua daftari la gredi ilikuwa imepunguzwa kwa mkasi au kitu cha aina hiyo. Na bado iko ndani ya kasha lake, na lebo bado inasema 8.

Lakini kwangu neno zito zaidi liko Luka 15. Mchungaji ana kondoo mia. Mmoja anapotea. Kwa hesabu za soko, kondoo aliye mmoja kati ya mia si adimu. Wapo wengine 99 wanaofanana naye, na hakuna mnunuzi atakayehangaika. Mfugaji yeyote hapa Ugogoni atakwambia, ukiacha 99 nyikani kwa ajili ya mmoja, jioni unaweza kuhesabu 80. Mchungaji huyu anakwenda. Hakwenda kwa sababu yule ni wa pekee dunia nzima, wala kwa sababu wengine wamezama baharini bei ikapanda. Amekwenda kwa sababu ni wake. Basi. Na akirudi naye mabegani, wale 99 hawapungui thamani hata kidogo. Mbinguni jirani yako akipata 10, wewe hushuki.

Hapo ndipo nilipomrudia mdogo wetu siku ya pili. Nilimwambia: Division Four ni kweli, usiifiche, usidanganye mtu. Ni taarifa ya jinsi ulivyojibu karatasi kadhaa kwa siku kadhaa, na itakufungia milango fulani, na tutatafuta milango mingine: kuna ufundi, kuna kurudia mtihani, kuna shamba ambalo unalijua kuliko mimi. Lakini hiyo si lebo yako. Ulipobatizwa uliitwa kwa jina, na hakuna aliyeuliza kona zako zikoje.

Sasa nirudi kwenye swali lenyewe maana mtasema nimekwepa. Kukusanya si dhambi. Bwana wetu mwenyewe ametoa mfano wa mkusanyaji: Mathayo 13, mfanyabiashara anayetafuta lulu nzuri. Yule ni mtu wa fani, anajua kuchagua, jicho lake limefundishwa na lulu nyingi ndogo. Yesu hamkemei kwa kupenda lulu. Ila angalieni anavyomalizia: alipoiona moja ya thamani kubwa, aliuza zote. Hakuiongeza kwenye mkusanyiko wake, aliuvunja mkusanyiko. Mkusanyaji mwenye afya ni yule ambaye vitu vyake bado vinaweza kuuzwa. Ukifika mahali huwezi kuachia hata kimoja, ingawa mdogo wako amerudishwa nyumbani kwa kukosa michango, basi wewe si mkusanyaji tena, umekusanywa.

Mtakatifu Carlo Acutis, kijana mwenzenu aliyetangazwa mtakatifu Septemba 2025, naye alikuwa mkusanyaji kwa namna yake. Alikusanya habari za miujiza ya Ekaristi kutoka nchi nyingi akazipanga kwenye mtandao watu wote wazione bure. Sisemi kila mtu afanye kama yeye. Nasema ile hamu ya kutafuta, kupanga, kukamilisha seti, Mungu ndiye aliyeiweka, na inaweza kwenda mahali pazuri.

Kufungua pakiti ili uone bahati imekuangukia ni jambo jingine. Hapo tuongee kama watu wazima, kwa sababu wengi wenu mnajua mkeka ni nini na mnajua unavyochanika. Unalipa hela usijue ndani kuna nini, unatumaini moja itafidia zote. Katekisimu namba 2413 inasema michezo ya kubahatisha yenyewe haipingani na haki, lakini haikubaliki inapomnyima mtu kile anachohitaji kwa maisha yake na ya wengine, na inaonya kwamba tamaa yake inaweza kumtia mtu utumwani. Shilingi 200,000 za zabibu katika nyumba ambayo mwezi wa kwanza huwa inanunua mahindi ya debe si hela ya kubahatisha. Sihitaji namba ya katekisimu kwa hilo, muulize mama.

Na yule mtu wa mtandaoni, nilimwambia mdogo wetu afanye jambo moja tu kabla ya kutuma chochote. Kila kadi iliyopimwa ina namba kwenye lebo, na kampuni inaruhusu mtu yeyote kuiangalia namba hiyo kwenye tovuti yao bure. Mwombe picha ya lebo. Makasha ya kughushi yapo, lebo za kughushi zipo, na hata namba halali inaweza kunakiliwa kwenye kasha la uongo, kwa hiyo hilo peke yake halitoshi, lakini ni pa kuanzia. Akaomba. Jamaa akaanza maneno: kwanza tuma nusu, halafu tuma ya kodi, halafu kaka mbona huniamini. Mpaka leo picha haijaja, na fungu la zabibu halijaondoka nyumbani. Ile ya Thabeet nilimwambia akipata anayeaminika, kwa dola mbili tatu, anunue, aibandike ukutani. Isiwe kwenye kasha. Wageni waishike.

Sisi Wakatoliki tuna vitu vyetu tunavyovitunza kwa uthibitisho na mihuri, navyo ni masalia ya watakatifu. Kipande cha mfupa, uzi wa nguo. Yana hati yake inayosema haya ni ya kweli. Lakini angalieni tofauti. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1190, inakataza kabisa kuyauza. Hayana bei ya chini wala ya juu, kwa sababu hayaingii sokoni. Na yametoka kwa nani? Kwa watu waliotumika mpaka wakaisha: waliofungwa, waliouguza wakoma, waliokufa kwa malaria wakiwa na miaka 30. Hakuna mtakatifu aliyefika kona zake zikiwa safi.

Bwana mwenyewe hakufika hivyo. Amefufuka, mwili umetukuzwa, mauti hayana nguvu tena juu yake, angeweza kabisa kurudi bila kovu. Yohane 20 inatuambia alirudi nayo. Mikono imetobolewa, ubavu umefunguka, na anamwambia Tomaso alete kidole chake. Anajua Tomaso hawezi kuamini kitu kilichofungiwa kwenye plastiki.

Hapa Buigiri tuna shule ya watoto wasioona, ya siku nyingi, kazi nzuri iliyoanzishwa na ndugu zetu Waanglikana. Ukipata nafasi, mwangalie mtoto wa pale akisoma kwa nukta nundu. Karatasi nyeupe, laini, isiyo na doa, ambayo mpimaji wa Marekani angeipa 10, kwake haina kitu, ni ukimya. Karatasi ile lazima ichomwe kwa kalamu ya chuma, nukta baada ya nukta, iharibike kabisa kwa macho ya soko, ndipo vidole vianze kusoma. Tomaso angemwelewa mtoto huyu mara moja.

Wamisionari wa Damu Azizi, ambao wengi wenu mmepita kwao pale Miyuji kwa mafungo, wana andiko wanalolipenda: 1 Petro 1, aya ya 18 na 19. Petro anawakumbusha Wakristo kwamba hawakukombolewa kwa fedha wala dhahabu, vitu viharibikavyo, ila kwa damu azizi ya Kristo. Neno azizi maana yake ni ya thamani kuu. Kitu huwa na bei ile ambayo mtu amekubali kulipa, hata madalali wa kadi watakuambia hivyo. Basi wewe wa Division Four, na wewe uliyejipa 2, imeshalipwa kwa ajili yako, na aliyelipa aliona vizuri kabisa alichokuwa ananunua.

Nimeacha hadithi moja kwa ajili ya mwisho kwa sababu naipenda.

Kuna shirika la masista liitwalo Masista wa Shule wa Notre Dame. Liliasisiwa Bavaria mwaka 1833 na Mwenyeheri Maria Theresia Gerhardinger, na masista wake wamefika mpaka kwa jirani zetu Kenya. Mwaka 2010, kule Baltimore, Marekani, walipata habari kwamba mzee mmoja amefariki na amewaachia mali yake yote. Dada yake alikuwa sista wao, alishatangulia mbele ya haki miaka kadhaa kabla. Katika sanduku la benki la yule mzee walikuta kadi moja, aliyokuwa nayo tangu 1936. Ilikuwa ya Honus Wagner, toleo lile lile la ile iliyokatwa kingo. Zinazojulikana duniani ni chache, makumi tu. Wengine husema ni kwa sababu Wagner alikataa picha yake itumike kuuza tumbaku kwa watoto, wengine husema alitaka alipwe. Mimi nachagua ya kwanza.

Sasa kadi ya mzee huyu ilikuwa imechoka. Ukingo wake mweupe ulikuwa umekatwa, kona ina mkunjo, mtu ameipaka kitu cha kung'arisha juu. Haikuwa na gredi ya kujivunia. Mwenyewe alijua, maana aliiacha na kikaratasi kilichopigwa kwa taipureta kikisema kwamba ingawa imeharibika, bei yake itapanda sana karne hii. Sista aliyepewa kazi ya kuishughulikia hakuwa amewahi kumsikia Honus Wagner. Wakaipeleka mnadani Novemba ile, ikapata dola 262,000. Mnunuzi wa kwanza akashindwa kulipa kwa wakati, akatokea daktari mmoja wa moyo akaichukua kwa bei ile ile. Fedha zikaenda kwenye kazi za masista katika nchi 35, shule na maskini wao.

Mzee yule aliitunza miaka zaidi ya 70, na alipoondoka aliiachia. Novemba mnapoandika majina ya marehemu wenu kwenye bahasha za nia za Misa, babu, bibi, shangazi, naomba muongeze mstari mmoja chini: kaka yake sista wa Baltimore, aliyeacha kadi. Paroko akiuliza ni nani, mwambieni mmetumwa na mimi.